Kinga ya mwili inavyobomoa mifupa: utafiti uliotoka Toronto

Mifupa huonekana kuwa sehemu tulivu kuliko zote za mwili wa binadamu, lakini haitulii hata siku moja. Kila mwaka takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Kwa muda mrefu wataalamu wa mifupa waliamini kwamba kazi hiyo huongozwa na homoni na madini pekee, na wataalamu wa kinga ya mwili nao hawakuona sababu ya kujishughulisha na mifupa. Hao wawili walifanya kazi katika majengo tofauti, wakisoma majarida tofauti.

Hali hiyo ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokea katika mji wa Toronto, nchini Kanada. Huko kundi la watafiti lililoongozwa na Josef Penninger, mwanasayansi mzaliwa wa Austria, lilionyesha mwaka 1999 kwamba protini moja inayotumiwa na seli za kinga kupelekeana habari ndiyo hiyo hiyo inayotoa amri ya kubomoa mfupa. Kutokana na elimu hiyo imepatikana dawa inayotumika leo katika nchi nyingi duniani.

Wabomoaji na wajenzi

Ndani ya mfupa zimo seli za aina mbili zenye kazi zinazopingana. Osteoblasti hujenga mfupa kwa kutandaza protini ambayo baadaye hujazwa madini ya kalisiamu na fosfeti. Osteoklasti huubomoa. Seli hii ya pili ni kubwa, yenye viini vingi, na hujibandika juu ya mfupa kama kikombe kilichofunikwa kifudifudi. Chini ya kikombe hicho humwaga asidi inayoyeyusha madini, kisha vimeng'enya vinavyokata protini iliyobaki. Shimo huchimbwa kwa muda wa wiki chache tu, ilhali kulijaza tena huchukua miezi. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo chanzo cha matatizo mengi, kwani wabomoaji wakiongezeka kidogo tu, wajenzi hawawezi kuwafikia.

Osteoklasti haizaliwi na mfupa wenyewe. Asili yake ni uboho, katika ukoo ule ule unaozaa chembechembe nyeupe za damu ambazo humeza vijidudu. Mbomoaji wa mfupa, kwa maneno mengine, ni ndugu wa askari wa kinga, na udugu huo ungeweza kuwa dokezo la mapema kwa yeyote aliyetaka kuutazama. Toronto ilikuwa na historia katika jambo hilo pia: mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch, wakifanya kazi katika Taasisi ya Saratani ya Ontario mjini humo, walitoa ushahidi wa kwanza wa kuwapo kwa seli mama za damu, zile ambazo kwazo hutoka seli zote za damu na za kinga.

Dokezo la mwaka 1972

Protini ambazo seli za kinga hutumia kuwasiliana huitwa saitokini. Seli moja huitoa, nyingine huipokea kwa kipokezi kilicho juu ya ngozi yake, na kipokezi hicho hupeleka amri ndani: gawanyika, hama, shambulia, au kufa. Saitokini hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno na mara nyingi katika eneo dogo tu la mwili.

Mwaka 1972 watafiti nchini Marekani walichukua chembechembe nyeupe za damu ya binadamu, wakazichochea katika maabara, kisha wakamimina majimaji yake juu ya vipande vya mfupa. Mfupa ulianza kuyeyuka. Kitu kisichojulikana kilichokuwa ndani ya majimaji hayo kilipewa jina la kichocheo cha osteoklasti. Ilichukua miaka 13 kabla ya kutambuliwa, mwaka 1985, kwamba sehemu kubwa ya nguvu yake ilitokana na saitokini iitwayo interlukini 1, ambayo madaktari waliijua kwa kuleta homa.

Hata hivyo swali kuu lilibaki. Interlukini 1 iliongeza ubomoaji, lakini haikuonekana kuwa ndiyo amri yenyewe. Palikuwa na kiungo kinachokosekana.

Protini moja, majina manne

Kiungo hicho kilipatikana kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 1997 kampuni ya Amgen ya California ilitangaza protini iliyowafanya panya kuwa na mifupa mizito kupita kiasi. Iliitwa osteoprotejerini, maana yake mlinzi wa mfupa. Mlinzi huyu hakuwa na amri yake mwenyewe. Alifanya kazi kwa kuinasa protini nyingine kabla haijafika kwa seli iliyolengwa. Sasa ilibidi kumtafuta yule anayenaswa.

Makundi manne yalimpata karibu wakati mmoja, na kila moja likampa jina lake. Mwaka 1997 makundi mawili ya wataalamu wa kinga yalimkuta juu ya seli T na kumwita TRANCE na RANKL. Mwaka 1998 watafiti wa kampuni ya maziwa ya Snow Brand ya Japani, waliokuwa wakichunguza mifupa, walimwita ODF, na wale wa Amgen wakamwita OPGL. Ni pale mpangilio wa protini hizo ulipolinganishwa ndipo ilipobainika kuwa ni kitu kimoja. Jina lililodumu ni RANKL, na kipokezi chake ni RANK. Mkanganyiko wa majina ni jambo la kawaida katika elimu ya viumbe, lakini mara hii ulikuwa na faida: ulionyesha wazi kwamba watu wa mifupa na watu wa kinga walikuwa wameshika ncha mbili za kamba moja.

Panya wasio na wabomoaji

Lililobaki lilikuwa kujua RANKL hufanya nini hasa ndani ya mwili hai. Kazi hiyo iliangukia Toronto, ambako Amgen ilikuwa imefungua taasisi ya utafiti chini ya Tak Mak, mwanasayansi mashuhuri wa mji huo aliyekuwa miongoni mwa wagunduzi wa kipokezi cha seli T mwaka 1984. Penninger alifika Toronto mwaka 1990 kufanya kazi katika maabara ya Mak, na baadaye akawa na maabara yake mwenyewe katika taasisi hiyo na Chuo Kikuu cha Toronto.

Young-Yun Kong, mtafiti kutoka Korea Kusini, pamoja na wenzake katika maabara hiyo, waliwatengeneza panya ambao jeni ya RANKL ilikuwa imezimwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Januari 1999. Panya hao hawakuwa na osteoklasti hata moja. Mifupa yao ilijaa kama jiwe, bila nafasi ya kutosha kwa uboho, na meno yao hayakuweza kuchomoza kwa sababu hakuna seli iliyoweza kuyafungulia njia katika taya.

Hayo yangetosha kuwa habari kubwa. Lakini panya hao walikuwa na kasoro nyingine, ambayo haihusiani na mifupa hata kidogo: hawakuwa na tezi za limfu, zile zinazovimba shingoni au kwapani mtu akipata maambukizi. Ukuaji wa seli zao za kinga za aina ya T na B pia ulikuwa na hitilafu. Protini moja ilikuwa ikihitajika kuunda sehemu za mfumo wa kinga na pia kuwaumba wabomoaji wa mfupa.

Mwaka uliofuata, 2000, uchunguzi mwingine wa Toronto, ambao Rama Khokha wa Taasisi ya Saratani ya Ontario alishiriki, ulifichua jambo ambalo pengine hakuna aliyelitarajia. Panya jike wasio na RANKL walipopata mimba, tezi zao za maziwa hazikukomaa, na watoto wao walikufa kwa kukosa maziwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: mama anayenyonyesha hutoa kalisiamu nyingi kwa mtoto wake, na sehemu ya kalisiamu hiyo huchotwa kutoka mifupani mwake. Mwili umeiweka amri ya kufungua ghala na amri ya kuandaa maziwa mikononi mwa mjumbe mmoja.

Seli T na viungo vinavyoliwa

Utafiti uliogusa wagonjwa moja kwa moja ulichapishwa mwezi Novemba 1999, nao pia katika Nature. Ulihusu baridi yabisi ya viungo, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vya mtu mwenyewe. Viungo huvimba na kuuma, na baada ya miaka kadhaa mifupa ya vidole na vifundo huliwa kingoni hadi mkono ukapinda. Madaktari walijua kwamba seli T hujazana ndani ya viungo hivyo. Hawakujua ni nani anayeula mfupa.

Kundi la Toronto lilionyesha kwamba seli T zilizochochewa hubeba RANKL na kuitoa, na kwamba seli hizo peke yake zaweza kuwafanya ndugu zao wa ukoo wa damu wageuke osteoklasti. Walipowapandikizia panya seli T zilizokuwa zimechochewa kupita kiasi, mifupa ya panya hao ilipungua uzito. Kisha walichukua panya buku wenye ugonjwa unaofanana na baridi yabisi na kuwapa osteoprotejerini mara dalili zilipoanza. Viungo viliendelea kuvimba kama kawaida, lakini mifupa na gegedu vilibaki salama.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ugunduzi wenyewe. Uvimbe na ubomoaji vilikuwa vikidhaniwa kuwa jambo moja, na kumbe ni njia mbili zinazoanzia mahali pamoja. Inawezekana kuziba mmoja wa mifereji hiyo bila kuugusa mwingine.

Mwaka 2000 maelezo yalipanuka zaidi. Hiroshi Takayanagi na wenzake mjini Tokyo walieleza kwa nini watu wenye mafua au malaria hawapotezi mifupa yao kila mara seli T zinapochochewa. Seli hizo hutoa pia interferoni gama, saitokini inayosababisha kuharibiwa kwa protini iitwayo TRAF6, ambayo RANKL huihitaji ili amri yake ifike ndani ya seli. Seli T hukanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja. Mwaka huo huo elimu hii mpya ilipewa jina la osteoimunolojia, yaani elimu ya mifupa na kinga kwa pamoja.

Picha ya mwanzo imerekebishwa tangu wakati huo, na ni haki kusema hivyo. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kundi moja hasa la seli T, linalotoa interlukini 17, ndilo lenye madhara zaidi kwa mfupa, na kwamba kundi hilo halina breki ya kutosha ya interferoni. Tena imebainika kwamba katika kiungo kinachougua, RANKL nyingi hutolewa na seli za utando wa kiungo chenyewe baada ya kuchochewa na interlukini 17, interlukini 6 na saitokini iitwayo TNF. Katika mfupa wa mtu mzima asiye mgonjwa, tafiti mbili za mwaka 2011 zilionyesha kuwa chanzo kikuu cha RANKL ni osteositi, seli zilizozikwa ndani kabisa ya mfupa. Seli T hubaki mchochezi mkuu, ingawa si lazima awe yeye anayeshika sululu.

Kinywani na baada ya hedhi kukoma

Baridi yabisi si ugonjwa pekee wa aina hii. Bakteria wanaojificha chini ya ufizi huamsha seli T, nazo huamuru kubomolewa kwa mfupa unaoshikilia meno. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2000, ambao Penninger alishiriki, uliwatumia panya waliopewa seli za kinga za wagonjwa wa ufizi na kuthibitisha kwamba kuizuia RANKL hupunguza upotevu huo wa mfupa wa taya. Mtu mzima anayeng'olewa meno yaliyolegea kwa kawaida hupoteza meno mazima. Ardhi iliyoyashikilia ndiyo iliyokwisha.

Kwa wanawake waliokoma hedhi, sababu huanzia kwenye homoni. Estrojeni huzuia utoaji wa RANKL na saitokini kadhaa, TNF ikiwamo, na huongeza osteoprotejerini. Homoni hiyo inapopungua, mizani huelemea upande wa ubomoaji, na mifupa ya nyonga, ya kifundo cha mkono na pingili za mgongo huwa myepesi kuvunjika. Prednisoloni, dawa inayotolewa kwa wingi kwa pumu na magonjwa ya kinga, huleta athari ya namna hiyo hiyo ikitumiwa kwa miezi mingi, kwa kuongeza RANKL, kupunguza mlinzi wake na juu ya hayo kuwadhoofisha wajenzi.

Kutoka maabara hadi sindano

Amgen ilijaribu kwanza kuitumia osteoprotejerini yenyewe kama dawa, kisha ikaiacha na kuchagua kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo huinasa RANKL kwa muda mrefu zaidi. Dawa hiyo ni denosumabu, inayouzwa kwa jina la Prolia kwa mifupa dhaifu na Xgeva kwa saratani iliyoenea mifupani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, wanawake 7,868 wenye umri wa miaka 60 hadi 90 walichomwa sindano kila baada ya miezi sita kwa miaka mitatu, nusu yao wakipewa dawa na nusu sindano isiyo na dawa. Waliopewa dawa walipungukiwa na mivunjiko mipya ya pingili za mgongo kwa asilimia 68 na ya nyonga kwa asilimia 40. Iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2010.

Kwa wagonjwa wa baridi yabisi, jaribio la mwaka 2008 lilirudia karibu neno kwa neno yale yaliyoonekana kwa panya buku wa Toronto: mifupa ililiwa kidogo zaidi, uvimbe haukubadilika. Japani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2017. Kwingineko madaktari hupendelea kuzima moto wenyewe kwa methotreksati au kwa dawa zinazozuia TNF na interlukini 6, ambazo hupunguza maumivu na ubomoaji kwa pamoja.

Denosumabu ina tahadhari zake. Kingamwili hii haikai mfupani, hivyo mgonjwa akiiacha ghafla osteoklasti hurudi kwa kishindo, na baadhi ya wagonjwa wamevunjika pingili kadhaa za mgongo kwa mpigo. Anayetaka kuiacha huhitaji kupewa dawa nyingine ya kulinda mifupa. Mwezi Januari 2024 Marekani ilitoa pia onyo kali kwamba wagonjwa wa figo walio katika hatua ya mwisho, hasa wanaosafishwa damu, wanaweza kupungukiwa kalisiamu kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Mwaka huo huo Kanada na Marekani ziliidhinisha nakala za kwanza za dawa hiyo kutoka kwa watengenezaji wengine.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki mambo haya yana sura yake. Kifua kikuu kinapoingia katika uti wa mgongo, pingili huliwa na mgongo huweza kupinda na kutoa kibyongo. Sehemu ya uharibifu huo ni kazi ya osteoklasti zinazoamriwa na saitokini za mwili unaopambana na vijidudu. Kwa upande wa pili, TNF ndiyo inayosaidia kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu visienee. Mwaka 2001 wataalamu nchini Marekani waliripoti wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliksimabu, moja ya dawa zinazozuia TNF. Tangu hapo uchunguzi wa kifua kikuu hufanywa kabla ya kuanza dawa hizo, na katika nchi ambako watu wengi wamebeba vijidudu hivyo bila kuugua, hatua hiyo si ya kurukwa.

Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi nao wanahusika. Wanapoanza dawa za kurefusha maisha, uzito wa madini mifupani hushuka kwa kati ya asilimia 2 na 6 katika miaka miwili ya mwanzo. Tenofoviri, iliyomo katika vidonge vinavyotumika zaidi katika kanda hiyo, huchangia kupitia figo. Lakini utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta na kuchapishwa mwaka 2015 uliwatumia panya kuonyesha sababu ya pili: kurejea kwa seli T zilizokuwa zimepungua huamsha RANKL na TNF, na mfupa hulipa gharama ya kinga inayofufuka. Upungufu huo kwa kawaida hutulia baadaye, wala si sababu ya kuacha dawa.

Kwa wale waliohamia Toronto yenyewe, kuna jambo moja zaidi. Katika miezi ya katikati ya baridi jua la huko huwa chini mno hivi kwamba ngozi hutengeneza vitamini D kidogo sana, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Vitamini hiyo ikipungua, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni ya kutafuta kalisiamu, na homoni hiyo huufikia mfupa kwa mjumbe yule yule, RANKL.

Penninger aliondoka Toronto mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenda kuongoza taasisi mpya mjini Vienna, na wengine wa kundi lake walitawanyika. Mwaka 2007 swali ambalo panya wao waliliacha wazi lilijibiwa na wagonjwa sita waliozaliwa na mifupa mizito isiyo na osteoklasti: jeni yao ya RANKL ilikuwa na kasoro. Watoto wengi wenye mifupa ya aina hiyo hutibiwa kwa kupandikizwa uboho, ambao huleta osteoklasti mpya. Kwa hawa tiba hiyo haifai. Wabomoaji wao hawana kasoro yoyote. Kinachokosekana ni amri, na amri hutoka katika seli za mfupa ambazo uboho wa mtu mwingine hauwezi kuzibadilisha.